Kikuza Kimoja, Bendi Mbili

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyatandaza mawimbi angani kabla mwanadamu hajajua kuyasikiliza, kisha akanijaalia mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani, mikono ya kulehemu nyaya.

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, maduka ya Lindi yalijaa vyombo kutoka nje, na kila cha zamani kikaitwa takataka. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio za upepo, zile za kuzungumzia mbali. Zahanati moja ya ndani, upande wa Likawage, ilikuwa nayo. Masika barabara ikikatika, mama aliyeshindwa kujifungua hakuwa na njia nyingine ya kuitiwa gari lije hadi ng'ambo ya mto, naye abebwe kwa machela kulifuata.

Tabu ilikuwa kikuza chake, kifaa kinachoipa sauti nguvu ya kusafiri. Mchana sauti hupita vizuri kwenye bendi moja, yaani fungu moja la masafa ya mawimbi. Jua likishuka hutaka bendi nyingine, ya chini zaidi. Kikuza kile kiliiweza ya mchana tu. Kwenye ya jioni kiligeuza umeme mwingi kuwa joto, na betri ilikuwa moja, ya kuchajiwa kwa jua. Magharibi ikifika redio imekufa.

Muuzaji mmoja kutoka Dar akaiambia kamati ya zahanati inunue vikuza viwili, kila bendi na chake, na betri zake. Kamati haikuwa na uwezo. Basi redio ing'olewe, akasema, wasubiri mfadhili. Nikasema haing'olewi. Nitatengeneza kikuza kimoja cha bendi zote mbili, kwa betri ile ile.

"Ustadhi," akacheka, "rudi kwa watoto wako wa juzuu. Haya yana wasomi wake."

"Watoto wangu wamekwisha hitimu. Sasa nina nafasi ya kukufundisha wewe."

Kamati ikanipa muda hadi mvua za kwanza.

Transista, moyo wa kikuza, ni kama punda. Mzigo ukimkaa sawa, huenda mbali kwa majani machache. Ukimlemea upande mmoja, hutoka jasho bure. Kila bendi huuweka mzigo kwa namna yake, kwa hiyo nilipanga njia mbili za koili, yaani waya uliozungushwa duara duara, moja kwa kila bendi, na swichi ya kuchagua. Koili nilitaka kuzizungushia kitu imara. Kwetu, ukitaka mti usiooza wala kunywa maji, hutaji mwingine ila mpingo. Nikaenda Mtama kwa rafiki yangu Mmakonde, mchonga vinyago.

"Shehe mzima unaagiza kinyago?"

"Nichongee kisicho na macho."

Akanichongea vigogo viwili laini kama kioo.

Siku ya kujaribu, mbele ya kamati na yule muuzaji, tuliongea dakika chache tu ikatoka harufu ya mti unaoungua. Mpingo haunywi maji, lakini nguvu ya mawimbi uliinywa yote. Muuzaji akajishika pua.

"Fundi, umejitahidi," mwenyekiti akaniambia. "Tuing'oe."

"Kosa ni la mti, si la hesabu. Siondoki hapa na redio haiondoki."

Muuguzi, mama mtu mzima, akadakia: "Mwacheni. Akishindwa, nitakayebaki na wazazi ni mimi. Ninyi mtakuwa mmelala kwenu."

Nikamwomba mwiko wake. Nikazungusha waya mnene wa shaba kwenye mpini, nikauchomoa mpini, koili ikasimama yenyewe, ndani yake hewa tupu. Nikafanya na ya pili. Nikaswali adhuhuri, nikawasha. Tuliongea mchana ule, tukapumzika, tukaongea tena. Nikamshikisha muuzaji bati la kikuza: vuguvugu tu. Jua liliposhuka nikageuza swichi, muuguzi akaita hospitali ya wilaya.

"Tunakupata vizuri, zahanati. Ovaa."

Muuzaji akatazama betri, akatazama chini ya meza kama kuna nyingine nimeificha. Mwenyekiti akamwambia afunge mkoba wake.

Masika yale barabara ilikatika. Muuguzi alimwitia gari mama aliyeshindwa kujifungua, jua limeshazama, na gari likafika ng'ambo ya mto. Alhamdulillahi.

Nawe unayesoma, Mola akupe subira ya kufumua na kusuka upya, na kila utakapoita kwa shida, akujaalie wa kukuitikia. Amin.