Tangazo la Mzee Asiye na Meno ya Mbele

Nilikuwa mzee wa kanisa huko Vudee, na kila Jumapili mimi ndiye niliyesoma matangazo. Mwaka ule meno yangu ya mbele ya juu yalikuwa yameng'oka yote. Makande nilikula yakiwa yamepondwa, na nikicheka niliziba mdomo kwa kiganja, lakini matangazo sikumwachia mtu. Mke wangu aliponishauri nimpe mwalimu asome, nilimjibu kwamba mtu hasomi kwa meno.

Jumapili moja nilitangaza kwamba Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali wa wilaya, atapanda kutoka Same, hivyo kina mama wote wafike shuleni Jumatano asubuhi, azungumze nao kuhusu matuta ya mashamba.

Jumatano Bwana Shauri alikuta uwanja wa shule umejaa moshi na vyungu vinachemka kila upande. Akauliza nani ameagiza chakula.

"Ni mzee wetu," alijibu Mama Namkunda kwa heshima. "Alitutangazia tupike."

Nilisimama kifua mbele, nikiwa na hakika na maneno yangu.

"Mama Namkunda, mimi sikusema mpike," nilisema kwa sauti. "Nilisema mpike."

Mke wangu akawa wa kwanza kucheka. "Mfike," aliwaambia wenzake, "anasema mfike."