Ratiba ya Karani wa Mokowe

Karani wa tiketi za boti pale Mokowe hupokea abiria kwa mkono mmoja. Wa pili hauachi penseli wala daftari la safari ya Nairobi. Jumamosi, mbio za kilomita ishirini na moja. Jumapili, bustani ya burudani na bintiye Alawiya, anayelingoja lile gurudumu kubwa la kupanda tangu Ramadhani. Kando ya kila saa ameandika maji kupwa au maji kujaa, maana amezoea kukimbia ufukweni maji yakipwa.

"Baba, kwani Nairobi kuna bahari?" Alawiya alicheka akichungulia daftari. "Ukichoka na mbio ulale kutwa kama kule Mombasa, n'tapanda na nani?"

Karani alishika raba, akafuta maji yote taratibu. Alipofika kwenye ishirini na moja, akaifuta pia, akaandika tano.