Siku Niliyompima Pweza Kama Mbuzi

Sogea hapa karibu, ndugu yangu, na kama una chai mkononi iweke chini kwanza, kwa sababu ninayokusimulia ni aibu yangu mwenyewe, na hapa Kijenge, Arusha, watu wameshaisikia vipande vipande kutoka kwa mashemeji zangu wanaopenda kuongeza chumvi, basi afadhali uisikie kwangu niliyeivaa.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Korea Kusini, kwenye mji wa bandari. Mke wangu Neema alikuwa anasoma, na mimi nilikuwa nimeacha kazi ya ualimu ili nimfuate, nipike, nimpeleke binti yetu Upendo shule. (Ndiyo, mwanaume nilimfuata mke. Cheka umalize, tuendelee.) Ambaye hakucheka ni mama mkwe, mama mtulivu wa Kimeru, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, ambaye alipokuja kututembelea nilijua kabisa kwamba akirudi ukoo mzima utamzunguka kumuuliza jambo moja tu: yule mkwe wetu anaiweza nyumba kweli, au amekaa tu?

Kwa hiyo siku moja kabla hajaondoka niliamua kumpa heshima ya nyumbani. Unajua kwetu mgeni mkubwa anaonyeshwa mnyama akiwa hai kabla hajachinjwa. Sasa mbuzi hai katikati ya mji ule ningemtoa wapi? Nikasema twende sote wanne soko la samaki, maana kule kila kitu kinauzwa kikiwa bado kinaogelea, mama achague, mimi nipike. Nikavaa shati la kitenge alilonishonea mama kule Arusha, zuri mno, mikono yake mipana kama ya joho la kwaya. Ikumbuke hiyo mikono.

Pale sokoni nikafundisha. Mimi nina ugonjwa mmoja: nikiulizwa swali siwezi kunyamaza. Hiki ni chaza, mama. Kile ni kamba mkubwa. Yule anafanana na nyoka lakini ni samaki. Mama anaitikia, "Haya, baba," anapita. Kwenye tangi la pweza akasimama.

"Na huyu, Baba Upendo, anachaguliwaje?"

Rafiki yangu, neno "sijui" lilikuwa pale pale mdomoni, halina hata uzito. Lakini sikulitoa. Nikasema, "Mama, mnyama ni mnyama. Ni kama mbuzi pale mnadani Kisongo: hununui kwa macho, unamshika kiuno, unamnyanyua kidogo usikie uzito." Na kabla muuzaji hajageuka (mama mmoja mwenye aproni na glavu za mpira hadi kwenye viwiko) nilishazamisha mikono yote miwili, nikitafuta kiuno.

Pweza hana kiuno. Hilo ndilo nililojifunza kwanza. La pili, ukimshika, na yeye anakushika. Akajizungusha kwenye mkono wangu wa kulia, nami nikaurudisha haraka nikidhani atabaki majini, kumbe ndiyo nimemsafirisha. Akaona tundu la giza mbele yake, yaani mkono wa shati, akaingia humo kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

Nikapiga kelele ambazo mwanaume mwenye familia hatakiwi kupiga. Nikarudi nyuma, sakafu imelowa, nikateleza, nikakalia beseni la kaa, likapinduka, kaa wakatawanyika kila upande, wanunuzi wakaruka, simu zikatoka mifukoni, na mama mkwe, kiongozi wa akina mama, nikamwona amepanda juu ya kigoda ameshika sketi yake kwa mikono miwili. Pweza wakati huo ameshafika kwapani na anaelekea mgongoni, wa baridi, anasoma mbavu zangu mojamoja.

Muuzaji akasema kitu. Upendo, aliyeipata lugha yao shuleni kutushinda sote, akatafsiri bila huruma: "Baba, anauliza, unamnunua au mnakumbatiana tu?"

"Vua shati!" Neema akapaza sauti.

"Siwezi!"

"Vua, akutolee!"

"Neema, siwezi kuvua nguo mbele ya mama!"

Hapo ndipo mkasa ulipokuwa, nataka uelewe vizuri. Kile kidubwana kingeniachia siku moja. Lakini mkwe kusimama kifua wazi mbele ya mama wa mke wake ni jambo linalofuata mtu hadi kaburini. Nikabaki nimejikunja, nimeshika vifungo, machozi yananilenga, na kwenye kile kitenge wino mweusi umeanza kutokeza.

Ndipo nikasikia sauti ya mama, taratibu kabisa. "Baba Upendo. Mimi naangalia ukutani. Vua."

Kweli, pale pale juu ya kigoda alikuwa amegeuka, akafungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akakirusha nyuma bila kugeuza shingo. Nikavua. Muuzaji akapenyeza vidole na kumbandua mnyama wake mkono baada ya mkono, akaniachia mgongo wenye alama za duara kama nimepigwa chuku ya kutolea damu, nami nikajifunga kitenge kile hadi shingoni na kuanza kuokota kaa.

"Tumnunue?" Neema akauliza.

"Arudishwe majini," mama akasema, bado anaangalia ukutani. "Aliyemkumbatia mkwe wangu hivyo, simli."

Jioni tukala kuku. Mama akaomba, akashukuru kwa chakula na kwa Bwana kumwokoa mtumishi wake kutoka mikononi, yote minane. Kisha akanitazama. "Sasa Baba Upendo, yule alivyokupima, alikuona umenona?"

"Sijui, mama."

Akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Hilo neno nimelisubiri tangu nishuke kwenye ndege. Nyumba unaiweza, mwanangu. Tatizo lako ni kujua kila kitu."

Na nyumbani alikwenda kusema hivyo hivyo, ila akaongeza kwamba nisiruhusiwe kuchagua mbuzi. Mpaka leo ukweni, kule mlimani Meru, mbuzi akifungwa mashemeji wananiita: "Shemeji, kunja mikono ya shati kwanza!"

Basi wewe ukisimama mbele ya kiumbe usichokijua, weka mikono mfukoni, sema "sijui", halafu muulize anayekiuza.