Punje ya Mama Mkwe

Mke wangu ni nesi, na Jumamosi ile akaitwa kazini ghafla. Ndiyo maana nilijikuta nikimwendesha mama yake, aliyetoka Kakamega kututembelea London, toka mtaa wetu wa Kilburn hadi bustani moja ya kihistoria huko Wales, penye mto ambako zamani dhahabu ilionekana na watu wakaukimbilia kama wendawazimu.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono wala kuzungumza ana kwa ana. Nimewahi kuandika makala ndefu ya kuibeza mila hiyo. Lakini akiwepo yeye, mimi hutazama viatu vyangu tu. Basi safari nzima tuliwasiliana kupitia binti yangu, tuliyekuwa naye garini.

“Mwambie baba yako apunguze mwendo.”

Binti alijibu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba baba hakuwa kiziwi.

Bustanini kulikuwa na masanamu yenye ndevu za bandia na foleni ya kila kitu. Mama mkwe hakuyajali. Marehemu baba yake aliwachimbia Wazungu dhahabu huko Kakamega ujana wake wote, asilete nyumbani hata punje. Yeye alitaka punje moja. Alichutama pale wageni waliporuhusiwa kutafuta dhahabu, akazungusha mchanga wa mto kwenye karai mpaka magoti yakalalamika, akaipata. Mhudumu akaitia kwenye kichupa, kisha, kwa ukarimu wake, akanikabidhi mimi.

Kumpa mkononi haikuwezekana. Binti alikuwa amezama kwenye simu. Nikafanya kama ninavyofanya nyumbani na kikombe chake cha chai: nikakiweka kichupa juu ya jiwe, nikarudi nyuma, nikageuza uso ili akichukue kwa heshima.

Kikabingirika. Kikatumbukia mtoni.

“Wewe!” Neno la kwanza kuniambia tangu nimwoe binti yake. “Umesimama? Ingia!”

Nikaingia na viatu vyangu vya ngozi.

“Si huko! Kushoto! Chuo kikuu hamkufundishwa kushoto?”

Binti sasa aliitoa simu usoni, akaanza kunirekodi.

Nilikikuta kimekwama kati ya mawe. Nikatoka nimelowa hadi mapajani, nikitafuta pa kukiweka.

“Thubutu kukiweka chini!” Akanyoosha kiganja.

Nikampa. Alikiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu, akakifunga kwenye leso na kukitia kifuani. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

“Mwambie baba yako asiingie garini na viatu hivyo.”

Nikaendesha hadi Kilburn nikiwa na soksi tu.