Mahari Yangu Imefungwa kwa Laini Moja

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka arobaini na minane, mkulima wa kahawa na migomba, kata ya Kanazi, Ngara. Nilifiwa na mke wangu wa kwanza nikabaki na watoto. Wanaonifahamu wananijua kwa ubishi. Hakuna mkutano wa kijiji ninaokaa kimya, na kabla ya kuweka sahihi karatasi yoyote naisoma mpaka mwenye nayo anachoka kunisubiri. Leo mimi huyo huyo nimekwama, na kilichonikwamisha kinaingia mfukoni.

Nilimpenda Spesioza (si jina lake), Mrundi aliyeishi kambi ya wakimbizi na baba yake. Kihangaza changu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani, na mzee alinipenda. Siku ya kutaja mahari wazee wangu walitangulia kusema ng'ombe. Mzee akacheka. "Ng'ombe nimfunge wapi, kwenye turubai? Kambini hawaruhusu hata mbuzi. Nipeni simu. Wanangu walitawanyika tukikimbia, na ng'ombe hajui kupiga simu Uganda." Watu wote wakacheka. Nikakubali.

Nilinunua simu nzuri kwa wakala, ile ya bei ya punguzo ambayo kampuni inaiuza kwa sharti kwamba itumie laini yake peke yake mpaka muda wa mkataba uishe. Nilisoma sharti hilo na sikuona ubaya. Mtandao huo kambini unashika vizuri, na laini niliisajili kwa kidole changu mwenyewe. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, pombe ya ndizi ikanyweka, nami nikamchukua mke wangu. Kwa simu hiyo mzee alimpata mwanawe wa Uganda. Alilia mbele yetu bila aibu.

Sasa mzee amejiandikisha kurudi kwao. Jirani akamletea laini ya Burundi ili akivuka asipotee tena na wanawe. Akaiweka, simu ikaikataa. Akaiweka tena, ikaikataa. Akaniita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, ulinipa ng'ombe ambaye kamba yake kaishika mtu mwingine?"

Nikaeleza mkataba, ruzuku, masharti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo bado ni ya kwao. Na kama mahari bado ni ya kwao, binti yangu ameolewa na nani?"

Nikamwambia anipe niibadilishe. Hapo alisimama. Kwake yeye, mahari ikirudi mkononi mwa aliyeitoa, ndoa imevunjika, na hata wazee wangu walitikisa vichwa kukubali. Nikasema basi nitaongeza simu ya pili juu ya hii. "Unataka kuninunulia binti mara mbili? Mimi nina duka?"

Nikaenda kwa wakala. Nikamwambia nitalipa punguzo lote walilonipa ili waifungue.

"Mfumo hauna kitu hicho, mzee. Subiri muda uishe. Na lazima mnunuzi alete simu mwenyewe."

"Muda uliobaki unapita mwaka. Baba mkwe anavuka Alhamisi."

"Kampuni haimjui baba mkwe wako. Inakujua wewe. Na usije ukampa fundi aifungue kienyeji. Umevunja mkataba, umevunja sheria, mtalala ndani wote wawili."

Sitetei wezi. Najua aliyeuza kwa hasara lazima arudishe chake. Lakini kitu nilichokilipa, nikakitoa mbele ya mashahidi, kikapokewa kwa vigelegele, ni cha nani? Sisi wa mpakani tunaoana na kuzikana na watu wa ng'ambo tangu babu zetu. Aliyeandika sharti lile alidhani dunia inaishia pale mnara wake unapoishia. Kampuni inamtambua mnunuzi tu. Mzee anamtambua mwenye mali tu. Kati yao nimesimama mimi na ndoa yangu, na kila upande unanionyesha mlango wa upande wa pili.

Spesioza hajanitetea. Nilipomwambia azungumze na baba yake alinijibu huku anachambua maharage: "Niseme nini? Kila siku unatusomea haki za watu mpaka ugali unapoa. Kasimu kamoja kamekushinda?" Usiku alilia. Akasema hanikimbii, ila hatamwacha baba yake avuke peke yake akiwa na aibu ya kumtoa binti bure.

Kuna fundi kambini, naye ni mkimbizi. Anasema ataifungua simu ikiwa mkononi mwa mzee, mimi nisiiguse, ndoa isiguswe. Lakini akikamatwa, yeye ndiye atakayeumia kwanza. Hata ruhusa ya kufanya kazi hiyo hana. Mimi nitasimama mahakamani nitoe hoja mpaka hakimu asinzie. Yeye nani atamsikiliza? Nimeshinda nikilaani wakubwa wanaojiokoa kwa migongo ya wanyonge. Sasa nimtume mnyonge akavunje sheria ili mimi nibaki na mke? Au nikae na sheria yao safi, nyumba iwe tupu?

Nishaurini, ndugu zangu. Atakayeniambia nitafute mwanamke mwingine, apite moja kwa moja, sikumuuliza yeye. Nataka mtu aliyewahi kubanwa hivi aniambie alishika upande gani. Malori ya kuwarudisha wakimbizi yanaondoka Alhamisi, na mke wangu ameshakunja godoro.