Siku niliyoelewa resonance ya benzene pale Masasi

Wakuu, salaam kwenu. Hili ni langu mwenyewe na sijatia chumvi.

Naishi Mkomaindo, nauza kwenye duka la dawa. Kidato cha sita Chemistry ilinidondosha, nikaamua kurudia kama private candidate ili niombe Pharmacy.

Kila Jumamosi nikienda tuition, mume wangu anabaki na binti yetu Zuhura, na huko kwao Makote msimu wa korosho umepamba moto. Nikifeli tena, nitamwomba kwa uso gani abaki na mtoto mwaka mwingine?

Kilichonitesa ni resonance. Kitabu kinachora benzene mara mbili, double bond zimehamishwa, katikati mshale wa ncha mbili. Mimi nikashika kwamba molekuli inageuka geuka. Kila swali nakosa.

Siku hiyo nikamvaa mwalimu wetu, dada mdogo kuliko mimi.

"Mwalimu, inageuka saa ngapi?"

"Haigeuki, Mama Zuhura."

"Sasa mchoro wa kweli ni upi?"

"Hakuna hata mmoja."

Nikafunga daftari. Machozi ya hasira yalikuwa karibu, msicheke.

Akavuta kiti. "Zuhura anafanana na nani?"

"Mama mkwe anasema ni baba yake mtupu. Mama yangu anasema ni mimi."

"Kwa hiyo asubuhi anakuwa wewe, jioni baba yake?"

Nikacheka. "Yeye ni Zuhura muda wote!"

"Basi na benzene ni hivyo hivyo."

Akachora pete ya pembe sita yenye duara ndani. Elektroni za pi hazijakaa kati ya kaboni mbili mbili, zimesambaa pete nzima, kaboni zote sita zinachangia. Ndiyo maana bond zote zina urefu sawa: fupi kuliko single, ndefu kuliko double. Na kusambaa huko ndiko kunakoituliza molekuli.

Nje ya mada kidogo: mafuta ya ganda la korosho yanayotubabua vidole nayo yana pete hiyo. Nilipojua nilifurahi kama mtoto.

Mtihani nikafanya. Matokeo yanatoka, mume wangu yuko Makote anapulizia mikorosho. Nikampigia.

"Baba Zuhura, Chemistry nina C!"

Mara namsikia anawatangazia wenzake shambani kwa Kimakonde, kwa sauti ya kuozesha binti, utadhani nimepata A.

Nilichojifunza: usipoelewa, ng'ang'ana hapo hapo uulize mpaka kieleweke, hata kama anayefundisha ni mdogo wako.

Wewe ni mada gani ilikutoa jasho, na nani alikufungua macho? Uwanja wenu.