Kadi Isiyomtaja Zulaika

Alaso alikuwa na marafiki Voi, Kitale na Homa Bay, na hakuwa amemwona hata mmoja wao kwa macho. Aliwajua kwa redio. Kila juma alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya watu wa kusalimiwa na ujumbe mfupi chini yake, akaituma Nairobi kwa posta. Zamu yake ikifika, mtangazaji aliisoma nchi nzima ikisikia. Wapenzi wa salamu walijipa majina. Yeye alijiita Mama Hofu wa Malaba, wala hakuna aliyeuliza sababu, maana ujumbe wake ulikuwa wa namna moja: funikeni visima, msiwaache watoto na jiko, mvua ya huku imebeba mabati.

"Mama," binti yake Jacinter alimwambia siku moja, "hao watu unawaambia mambo yetu yote. Unajua aje kama si wezi?"

"Mwizi atoke Voi aje kuiba kuku Malaba?"

Hata hivyo, kadi iliyofuata haikutaja kuku.

Kilichowaunganisha zaidi ni mchezo wa redio wa kila Jumapili, uliohusu msichana anayeposwa na tajiri. Alaso aliandika, "Bi Raisa wa Voi, huyo bwana harusi simwamini." Jibu la Raisa lilichukua mwezi kufika hewani, na kufikia hapo bwana harusi alikuwa ameshauza shamba la wakwe. Ogweno wa Homa Bay, mwalimu mstaafu, yeye alipenda riwaya. Alizisoma, akawasifia wenzake vitabu vizuri, kisha akamalizia ujumbe kwa kutaja aliyekufa mwishoni, hata watu wakamwomba apumzike.

Redio yenyewe haikuwa ya Alaso. Yake ilivujiwa na mvua ikafa. Aliyosikiliza ilikuwa ya jirani yake Zulaika, Mama Tariq, mwenye duka lililoegemewa na kibanda cha Alaso cha chai, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Betri zilikuwa za Zulaika. Hata kuongeza sauti saa ya salamu, ili Alaso asikie huku akikaanga mandazi, ilikuwa kazi ya Zulaika.

Siku hiyo kadi ya Mama Hofu ilisomwa mchana, Zulaika akiwa anapima sukari. Akaacha kupima, akasikiliza. Akatajwa Raisa, akatajwa Ogweno, akatajwa Okiror wa Kitale na wanawe wote, na mama mmoja wa Nambale auzaye makaa. Majina yakaisha. Ujumbe: chemsheni maji. Zulaika akazima redio, akatoka nje.

"Mama Jacinter, huyo Raisa wa Voi amewahi kukukopesha chumvi?"

"Hapana."

"Jacinter akiwa na malaria, ni Ogweno alimbeba mgongoni mpaka hospitali?"

"Ni wewe, Mama Tariq. Lakini wewe si nakusalimia kila asubuhi mwenyewe?"

"Hiyo hata mbuzi wangu unampa. Nani ameisikia? Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada. Mwambie Raisa akufungulie redio."

Redio ikanyamaza. Zulaika naye aliupenda mchezo kupita kiasi, lakini akiufungua Alaso angesikia kupitia mabati. Basi akajinyima. Alifunga redio kama mtu afungaye Ramadhani, ila futari hakuna.

Alaso alipeleka mandazi, yakarudi na sahani. Alisalimia, akajibiwa kikohozi. Kuukosa mchezo kungeweza kuvumilika. Kilichomkosesha raha ni kwamba mumewe alifanya kazi Eldoret, na tangu ahamie Malaba mlango aliokimbilia jambo likizuka ulikuwa mmoja tu. Sasa kila mtoto akipiga chafya alijiuliza, akizidiwa, nitamwita nani?

Akaandika kadi nyingine, akampa Mutwalibu, dereva wa Kampala aliyekuwa akielekea Nairobi na aliyeahidi kuifikisha mwenyewe. Ilisema: "Namsalimia Zulaika wa Malaba, mbele ya watu wote. Nimemkosea. Marafiki, nisaidieni kumsalimia." Lori lilipokwisha kuondoka, ndipo Jacinter akauliza alichoandika.

"Mama, umeomba msamaha kwa redio. Na redio ameizima."

Alaso akaketi juu ya ndoo. Hilo hakuliwazia.

Majuma yakapita. Kisha dereva mmoja wa Mombasa akashuka kununua sigara, akamkodolea macho mwenye duka.

"Wewe ndio Zulaika?"

"Ndio mimi. Kuna nini?"

"Voi wanakusalimia. Fungua redio usikie."

Zulaika akadhani ni mlevi. Kesho yake akaja mwingine, akaleta salamu za Homa Bay. Askari wa mpakani, aliyezoea kuchukua kiberiti bila kuangalia mtu, akampa mkono. Mwishoni akarudi Mutwalibu mwenyewe.

"Nnyabo," akamwita kwa heshima ya kwao, "Kenya nzima inakuita. Hata kwaya moja ya Nakuru imekutaja. Gari yangu sikuiwekea kaseti safari yote, nasikiliza mambo yako tu."

"Wananitaja wa ngapi?"

"Wa kwanza, nnyabo."

"Huko Kitale pia?"

"Kitale wa pili. Wa kwanza walimtaja chifu."

Zulaika akaguna. Lakini alasiri hiyo alivaa kitenge kipya, akapangusa vumbi kwenye redio, akaifungua kwa sauti iliyowafikia madereva wa mwisho wa foleni. Alaso, mwiko mkononi, hakuthubutu hata kugeuka. Kadi ya Raisa ndiyo iliyokuwa ikisomwa:

"Namsalimia Zulaika wa Malaba. Dada, msamehe Mama Hofu, sisi tunampenda lakini wewe ndiye uliye naye. Tena nawajuza nyote wawili, kama hamkusikia mchezo, bwana harusi ametoroka na gari la wakwe."

Zulaika akapunguza sauti ya redio, akasogea kwenye mabati.

"Ametoroka?" akauliza Zulaika.

"Mimi nitajuaje, Mama Tariq, na nilikuwa gizani kama wewe?"

"Alienda na nani?"

"Hakusema. Labda na yule karani wa hati za shamba."

Zulaika akatoka na kigoda, akakiweka kibandani kando ya jiko. "Karani hawezi. Karani ni mtu wa kanisa."

"Hao ndio wa kuogopa."

"Nyinyi wawili," mteja akaita kutoka dukani, "sukari yangu."

"Jipimie, boss," Zulaika akamwambia, akapokea kikombe cha chai. "Sasa, Mama Jacinter, anza pale tulipoachia. Shamba lilikuwa limeshauzwa, sivyo?"